Risala ya Wageni wa Bustani: Hukumu ya Viumbe Wadogo Walao Mboga Zetu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyeumba kila kitambaacho na kila kirukacho, akakikadiria riziki yake kabla hakijatoka tumboni au yaini. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, ambaye huruma yake haikuishia kwa wanadamu, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu yangu msomaji, risala hii ndogo ina sababu mbili. Ya kwanza ni swali nililoulizwa na bibi mmoja wa upande wa Luchelele, juu ya tumbili. Ya pili ni kosa langu mwenyewe nililolifanya mbele ya wanafunzi wangu. Na kosa ambalo mwalimu amelifundisha kwa dhahiri halitoshi kutubiwa kwa siri. Nitaanza na hili la pili, kwani ndilo lililoninyima usingizi.

Chuo chetu ki chini ya majabali, kama zilivyo nyumba nyingi za Mwanza. Nyuma yake pana bustani ndogo: matuta sita ya mchicha na figiri, mstari wa bamia, nyanya chungu kidogo, na maboga tuliyoyaacha yatambae juu ya mawe kwa ajili ya majani yake. Mboga hizo hupikiwa wanafunzi walalao chuoni, na zikizidi huuzwa, tukanunua chaki na karatasi. Lakini kabla ya sisi kula, wengine wamekwisha kula. Pimbi hushuka majabalini alfajiri wakakata vichwa vya mchicha. Konokono hutoboa majani usiku. Panya huchimbua mbegu tulizozifukia jana. Ndege hudonoa nyanya zianzapo kuwa nyekundu, wala hawaimalizi moja, bali huzionja zote. Na juu ya kila jiwe huwapo mjusi ameinua kichwa, kana kwamba ndiye aliyekodi mahali pale.

Jioni moja baada ya Magharibi niliwasomesha vijana hadithi zilizopokewa katika Bukhari na Muslim juu ya mnyama aitwaye kwa Kiarabu wazagha, kwamba Mtume (S.A.W.) aliamrisha auawe, na kwamba mwenye kumwua kwa pigo la kwanza huandikiwa thawabu nyingi, na kwa pigo la pili pungufu ya hizo. Nikasoma, nikafasiri, nikafunga kitabu. Sikueleza wazagha ni mnyama gani. Nilisema “mjusi”, nikapita.

Siku ya nne alinijia kijana wa miaka tisa hivi, na kopo la maziwa mkononi, amelifunika kitambaa.

“Shikamoo, maalim.”

“Marahaba, mwanangu. Una nini?”

Akafunua. Mlikuwa na mijusi kumi na mmoja, wengi wao wale wa majabali wenye vichwa vyekundu. Na vinyonga wawili. Na chini kabisa makinda matatu ya ndege yasiyoota manyoya, na mojawapo lingali likipumua.

“Maalim,” akasema, “thawabu zangu zimefika ngapi?”

Alikuwa amekwisha kuzihesabu. Alitaka mimi nimhakikishie jumla yake tu. Nikamwuliza, na haya makinda je? Akanijibu, “Yalikuwa katika mti huo huo, maalim.”

Mkono wangu ulikwenda kwenye bakora, kisha ukarudi, kwa kuwa niliona waziwazi ni nani aliyestahiki kuchapwa. Kijana yule alikuwa hakuasi neno langu hata moja. Tangu siku ile nilianza kuangalia, nikaona kwamba wenziwe nao wana manati viunoni, na kwamba majabali ya nyuma ya chuo, yaliyokuwa yamejaa mijusi, yamekuwa matupu. Kitabu nilichokisoma ni kweli, na walichokifanya ni dhuluma, na kati ya viwili hivyo nilikuwapo mimi.

Basi sikilizeni, enyi wanafunzi wangu, na ninyi walimu wenzangu wa vyuo. Wazagha si kila mjusi. Ni yule mdogo mwenye ngozi nyororo atembeaye kutani na darini usiku, ambaye watu wetu humwita mjusi kafiri. Kinyonga Waarabu wamempa jina lake mbali, nalo ni hirbai, wala hakutajwa katika amri hiyo. Mjusi wa majabali naye ni mwingine. Dume lake lina kichwa na kifua chekundu na mwili wa buluu, hushinda juani juu ya mawe, haingii darini kwa mtu. Wataalamu wa wanyama wamemtambua kuwa ni namna ya peke yake. Mwaka 1923 Arthur Loveridge alimwandika katika ilimu yao kwa jina la mji wetu huu wa Mwanza. Nchi nyingi hazikubahatika kuwa na mnyama mwenye jina la mji wao, nasi tunampiga mawe na kudhani tumefanya ibada.

Na hata huyo wazagha mwenyewe, tuangalie tuliposoma nusu. Imepokewa katika Sahihi hizo hizo kwamba Bibi Aisha (R.A.) alisema Mtume alimwita mharibifu mdogo, lakini yeye hakumsikia akiamrisha auawe. Wengine waliisikia amri, nasi twaikubali kwa kuwa mwenye kusikia ni hoja juu ya asiyesikia. Lakini tazama jinsi mama wa Waislamu alivyojihadhari asizidishe alichokisikia. Nasi twazidisha tusichokisoma. Kisha, mbona thawabu zinapungua kwa pigo la pili? Wamo wanazuoni waliosema ni kwa sababu wema katika kuua ni kutomwadhibu mnyama. Na hili lakubaliana na hadithi ya Shaddad bin Aus aliyoipokea Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu ameandika ihsani juu ya kila kitu, hata mwenye kuchinja anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Basi mwenye kumfunga mjusi uzi na kumzungusha, au kumtia ndani ya kopo afe kwa joto, ni thawabu gani anayoingojea?

Ama makinda, hayo hayana mfasiri wa kuyatetea wala kuyahitaji. Katika Abu Daud imepokewa kutoka kwa Ibn Masud (R.A.) kuwa walikuwa safarini, wakawachukua makinda wawili wa ndege, na mama yao akaja akipigapiga mbawa. Mtume aliporejea aliuliza ni nani aliyemtia ndege huyu uchungu kwa ajili ya wanawe, akaamuru warudishwe. Na katika safari hiyo hiyo aliona kichuguu cha chungu kilichochomwa moto, akakataza, akabainisha kuwa kuadhibu kwa moto ni haki ya Mola wa moto peke yake. Nakumbusha haya kwa sababu hapa kwetu ni desturi mtu kumwaga mafuta ya taa juu ya tundu la chungu akawasha kiberiti, na watoto wakazunguka wakicheka.

Katika habari ya chungu, Mwenyezi Mungu ameiita sura nzima ya Kurani kwa jina lao, akatusimulia jinsi mmoja wao alivyowaonya wenziwe waingie majumbani mwao lisije jeshi la Nabii Suleimani likawaponda bila ya kujua, na jinsi Nabii yule alivyotabasamu kwa neno lake na kushukuru. Hakukasirika kwa kuambiwa kuwa jeshi lake laweza kudhulumu kwa kutoangalia. Tena imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Nabii mmoja aling'atwa na chungu, akaamuru kijiji chao kichomwe, akalaumiwa na Mola wake: kwa kung'atwa na mmoja ameteketeza umma umsabihio Mungu. Na Adi bin Hatim, sahaba, alikuwa akiwamegea chungu mkate, akisema kuwa ni majirani na wana haki.

Hukumu yao kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafii ni hii. Yamepokewa makatazo ya kuua wanne: chungu, nyuki, hudihudi, na ndege aitwaye suradi. Wanazuoni wetu wamefasiri kuwa chungu aliyekatazwa ni yule mkubwa asiyedhuru, ambaye humwita wa Suleimani. Ama mdogo mwenye kudhuru wameruhusu auawe, na si kwa moto maadamu njia nyingine ipo. Siafu wakiingia bandani mwa kuku au chumbani mwa mtoto mchanga, watoe kwa uwezavyo. Lakini sisimizi wapitao njia yao kandokando ya tuta hawakukuomba kitu. Wanawake wa zamani walimwaga mstari wa majivu, chungu wakageuza njia, na kazi ikaisha pasipo kufa mtu.

Chura naye ameingia katika makatazo. Tabibu mmoja alimwuliza Mtume juu ya kumtia chura katika dawa, akamkataza asimwue. Ameipokea Abu Daud. Ikiwa hakuruhusiwa kuuawa kwa haja ya dawa, basi kuuawa kwa sababu tu sura yake haikupendezi ni jambo la mbali zaidi. Na mwenye bustani amtazame chura usiku, wakati wa mvua za vuli: kila mdudu apitaye mbele yake humezwa. Kadhalika kinyonga, kadhalika mjusi wa majabali, ambaye chakula chake ni chungu na wadudu. Mwezi ule vijana wangu walipoyasafisha majabali, mchicha wetu ulitobolewa kuliko miaka yote niliyoishi pale. Sisemi ndiyo sababu pekee, maana mvua nayo ilikuwa nyingi. Nasema nilichokiona.

Sasa nije kwa bibi wa Luchelele. Ni mjane, anawalea wajukuu watatu, na shamba lake la mboga kando ya ziwa ndilo dukani kwake, na ndilo ada ya shule. Alikuja akakaa barazani, akasema:

“Maalim, tumbili wamekula kunde zangu zote, na mahindi mabichi wamebeba. Mmoja ananiambia nitie sumu katika ndizi. Mwingine ananiambia nisubiri, kwa kuwa ni sadaka. Sasa, maalim, sadaka ya kila siku, hata mimi na wajukuu tulale na njaa?”

Nilimwomba anipe siku tatu. Wallahi swali lake lilikuwa zito kuliko mengi niliyoulizwa na wanaume wenye vilemba.

Hadithi aliyoambiwa ni sahihi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (R.A.), na maana yake ni kuwa hapana Muislamu apandaye mti au mmea, kisha akala humo ndege au mtu au mnyama, ila huwa ni sadaka kwake. Hii ni bishara kubwa kwa mkulima, kwamba hata kilichomponyoka hakikupotea. Lakini ni bishara juu ya kilichokwisha kuliwa. Si amri ya kuacha kiliwe. Yule aliyemwambia mjane asubiri alikuwa ameshiba, na mtu aliyeshiba huona subira ni nyepesi. Mtume ametufundisha kuanza na wale walio juu yetu kuwalisha, na wajukuu wale watatu wametangulia tumbili. Tena katika kisa cha ngamia wa al-Baraa aliyeingia bustani ya watu, alihukumu kuwa ulinzi wa bustani mchana ni juu ya wenye bustani. Tumbili hana mwenyewe wa kushitakiwa, basi ulinzi wote umebaki kwetu, na kulinda si uchoyo.

Amlindeje? Hapa ipo mlango katika fiqhi yetu ambao kila mwanafunzi aliyefika kwenye Minhaji ya Imamu Nawawi anaujua, ila twausoma kwa habari za wezi na majambazi tu. Nao ni mlango wa kumzuia mwenye kukushambulia, awe mtu au mnyama, katika nafsi yako au mali yako. Kanuni yake ni kumzuia kwa lililo jepesi, kisha lililo jepesi baada ya hilo. Akiondoka kwa kelele, ni haramu kumpiga. Akiondoka kwa mkono, ni haramu kutumia fimbo. Akiondoka kwa fimbo, ni haramu kumjeruhi kwa chuma. Hujuzu kupanda daraja mpaka ile ya chini ishindwe kweli, si kwa kudhania. Imamu Nawawi alifariki mwaka 676 wa Hijra, sawa na 1277 wa Miladi, na sidhani aliwafikiria tumbili wa Luchelele, lakini kanuni yake yawaenea.

Nilipomrudia bibi, nilimweleza hivi. Tumbili hupenda kukaa mtini karibu na shamba akatazama. Basi kunde na mahindi viletwe karibu na mlango wa nyumba, na ukingoni kuliko karibu na miti pandwe pilipili na mnavu. Debe litundikwe lipigwe saa wajazo, nazo ni asubuhi na baada ya alasiri. Mjukuu mmoja akae zamu siku asizokwenda shule. Na mwisho nikamwambia jambo lililomshitua: afuge mbwa.

Waislamu wengi wa hapa huona aibu kumfuga mbwa, wakadhani ni haramu kwa kila hali. Si hivyo. Mtume amemvua katika makatazo mbwa wa kuwinda, wa kuchunga wanyama, na wa kulinda mimea. Imo katika Sahihi. Ulimi wake ni najisi kwa madhehebu yetu, na chombo alichorambia huoshwa mara saba, moja yao kwa udongo, hilo halibadiliki. Lakini najisi si chuki. Imamu Nawawi amesimulia kuwa Sheikh Abu Ishaq ash-Shirazi, naye ni katika nguzo za madhehebu yetu, aliyefariki Baghdad mwaka 476 wa Hijra, alikuwa akitembea na mwenziwe, akatokea mbwa njiani, mwenziwe akamkemea aondoke. Sheikh akamkataza, akamwambia kuwa njia ile ni ya ushirika baina yao na yeye. Mtu aliyeandika al-Muhadhdhab na at-Tanbih, vitabu tunavyovunjika migongo kuvisoma, hakuona kuwa elimu yake imemfanya aimiliki njia peke yake.

Ama ile sumu katika ndizi, nilimwambia bibi kuwa haijuzu, na nawaambia na wengine. Tumbili akifa kwa sumu hafi kwa pigo moja, huadhibika. Na ndizi haina macho ya kumchagua mlaji. Leo ataila tumbili, kesho ataiokota mtoto wa jirani anayerudi kutoka ziwani na njaa yake. Kanuni ya sheria ni kutodhuru wala kulipizana dhara, na mwenye kutega mauti mahali watoto wapitapo asidhani kuwa amesalimika mbele ya Mola wake kwa kusema hakukusudia.

Panya yu katika wale watano wafisadi ambao Mtume ameruhusu wauawe popote, pamoja na kunguru, mwewe, nge na mbwa mwenye kushambulia watu. Hapo hapana makatazo. Tega mtego, fuga paka. Lakini juu ya sumu ya panya nina neno. Panya aliyekula sumu hafi pale pale. Hutoka akiyumbayumba, na bundi humwona kirahisi, akamla, naye akafa. Kisha mwaka ufuatao panya wanazidi, nasi twazidisha sumu. Bundi hana mtetezi katika mji huu. Akilia juu ya bati, watu husema ni mauti, hupiga bati kwa mawe, na wengine humwita mganga. Ndugu zangu, Mtume alikanusha kwa maneno yake itikadi ya Waarabu wa ujahili juu ya bundi, pamoja na kutabiri mikosi kwa ndege. Imo katika Bukhari. Bundi hakuleta mauti nyumbani kwa mtu. Ameleta njaa nyumbani kwa panya.

Na sumu hiyo, na ile ipulizwayo juu ya nyanya mara mbili kwa juma hata ngozi ya nyanya ikawa na unga mweupe, haibaki bustanini. Mvua ya Mwanza ikinyesha, maji hushuka kwa kasi katika majabali, yakaingia mifereji na Mto Mirongo, yakafika ziwani, nasi ni watu wa kunywa ziwa lile lile.

Ningependa msomaji wangu atazame ziwa kidogo, kwa kuwa limetupa somo ambalo wazee wetu waliliona kwa macho. Zamani mlikuwa na furu wa namna mamia. Wapo waliokula konokono, wapo waliokula majani ya maji, wapo waliokula wadudu wa tope, kila mmoja na kazi yake. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 watu wakatia sangara, wakisema furu ni samaki mdogo asiye na faida. Miaka ya 1980 sangara wakajaa katika ghuba yetu ya Mwanza, na furu wakatoweka. Wataalamu hukisia kuwa namna kiasi cha 200 zimekwisha katika ziwa zima. Sikatai kuwa sangara amejenga nyumba nyingi hapa mjini, na viwanda vyake vimeajiri watu. Lakini aliyesema kuwa furu hana faida alikuwa hajui alichokisema. Kisha likaja gugumaji, mmea wa Amerika ya Kusini, katika miaka ya 1990 likaziba ghuba, mitumbwi ikakwama. Watu walilivuta kwa mikono na kwa mitambo, likarudi. Mwishowe wakaletwa mbawakawa wadogo, mdudu wa kukaa juu ya kucha ya mtu, wakaachiwa wale majani yake. Gugumaji likapungua sana, ijapokuwa halikwisha hata leo. Basi mara moja tulimdharau mdogo tukajuta, na mara nyingine tukamhitaji mdogo akatufaa.

Pimbi nimewaacha nyuma, nao wana masala yao. Pimbi ni halali kuliwa kwa madhehebu ya Shafii; huyu ndiye Waarabu wamwitao wabri, na kalunguyeye pia ni halali kwetu. Mtu akauliza, basi si niwawinde wote niondokane nao? Jibu lake ni mawili. Kwanza, mnyama aliye halali haijuzu kumwua ila kwa kumla. Kumwua na kumtupa ni israfu ya roho. Pili, serikali ina Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, haiwindwi ovyo, na kutii amri isiyo na maasi ni wajibu. Atakaye kuwatazama bila ya kugombana nao avuke kwenda Kisiwa cha Saanane, kilichofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Wako huko juu ya mawe, hawana mchicha wa mtu. Kwetu chuoni tuliweka miba ya mkonge na mawe katika mapengo wanamopitia, na tuta moja la karibu na jabali tumewaachia. Wanafunzi huliita tuta la wageni. Hawaridhiki nalo kila siku.

Ama nyoka, nitasema kwa ufupi. Wa nyumbani amepokewa katika Muslim kuwa aonywe siku tatu kabla ya kuuawa, na wanazuoni wamekhitalifiana kama hilo ni la Madina tu au la kila mji. Swila na kifutu wakionekana karibu na watoto, usalama wa watoto umetangulia. Lakini si kila chenye kutambaa katika majani ya maboga ni swila, na mwenye kujua tofauti awafundishe wasiojua.

Namrudia kijana wangu wa kopo. Jioni ile ile tulikwenda pamoja nyuma ya chuo, tukawafukia mijusi na vinyonga. Lile kinda lililokuwa likipumua tulilirudisha kiotani, na mama yake hakuja. Lilikufa kabla ya Isha. Baada ya sala nilisimama mbele ya wanafunzi wote nikawaambia kuwa nimewafundisha vibaya, nikaisoma hadithi tena tangu mwanzo, na safari hii nikamleta mjusi kafiri mmoja aliyekufa na picha ya kinyonga, wakatazama tofauti kwa taa. Kijana aliuliza kama thawabu zake zimefutwa. Nikamwambia kuwa yeye ataandikiwa kwa nia yake, inshallah, na hesabu iliyobaki ni yangu. Hakufurahi sana na jibu hilo, wala mimi sikufurahi. Lakini manati alinikabidhi, na majabalini, baada ya mvua mbili, mijusi imeanza kurudi.

Bibi wa Luchelele alipita juzi baada ya Ijumaa. Mbwa yupo, anaitwa Simba ingawa ni mdogo. Kunde zimepona, mahindi yameliwa nusu. Alicheka, akasema ile nusu ameiandika sadaka. Nikamwambia hapo ndipo hadithi ilipo.

Limebaki swali la mtu wa Igombe juu ya kenge aibaye mayai ya kuku. Jawabu yake ni ile ile ya daraja: atengeneze kwanza mlango wa banda, maana nilikwenda nikauona, hata bata angeingia. Mwenye kuona kosa katika risala hii anijie chuoni baada ya alasiri anibainishie, nami nitalisahihisha katika chapa ijayo.

Wallahu aalam.